Kansere ya prostati: mzee anayefuatiliwa apewe tarehe ya kurudi

Baba akiambiwa ana kansere ya prostati, jamaa hukimbilia jambo moja: shamba liuzwe, baba apasuliwe haraka. Naelewa woga huo. Lakini, ndugu wasikilizaji, si kila kansere ya prostati inahitaji kisu siku hiyo hiyo.

Kuna ile ndogo, iliyo ndani ya tezi tu, inayokwenda polepole. Mganga akiihakikisha kwa kipimo cha damu cha PSA na kwa kuchunguza vipande vidogo vya nyama ya tezi, anaweza kuifuatilia kwanza: vipimo vinarudiwa kwa tarehe, na matibabu yanaanza ikibadilika. Kule Uingereza, waganga walifuata wanaume 1,643 kwa miaka 15. Kundi moja lilipangiwa kupasuliwa, moja mionzi, moja kufuatiliwa. Matokeo yalitoka 2023: katika makundi yote, karibu 97 kwa 100 hawakufa kwa kansere hiyo. Upasuaji uliwaletea wanaume wengi zaidi shida ya kuzuia mkojo na ya nguvu za kiume. Lakini katika waliofuatiliwa, kansere ilienea kwa 9 hivi kwa 100, kwa wengine 5 hivi. Na zaidi ya nusu yao walitibiwa baadaye. Waliwahi kwa sababu walirudi kupimwa.

Hapo ndipo hofu yangu kwa sisi wa Kivu. Familia zilizotoka kambi za Bulengo na Kanyaruchinya mwanzoni mwa 2025 zilitawanyika. Fishi ya mzee ilibaki wapi? Mzee anayeambiwa "tutaangalia" bila tarehe, bila karatasi na bila mahali pa kupimwa, huyo ameachwa.

Kwa hiyo naomba waganga waandike wazi kwenye fishi: kipimo gani, lini, wapi. Mashirika yanayosaidia wahami yahesabu vipimo hivyo kama dawa, maana mzee asiye na pesa ya kipimo hatarudi. Nanyi watoto, fungeni fishi ya baba pamoja na kadi yake ya uchaguzi. Tukikimbia, zitoke pamoja.

Na baba anayekojoa damu, anayeshindwa kukojoa, au anayeumwa mifupa ya mgongo bila kupona, asiseme naye anangoja. Aende hospitali leo.