Samaki Hakui Kulingana na Tangi Lake

Leo naweka kando lugha za programu na seva, nizungumzie kitu ambacho watu wengi wa tarakilishi ninaowafahamu hukitamani: tangi kubwa la samaki sebuleni. Tena si la vidagaa vya rangirangi, bali la samaki wawindaji. Oscar, arowana, kambare wa Amazon mwenye mkia mwekundu. Naelewa kwa nini. Mtu anayeshinda akikodolea macho maandishi kwenye skrini hutaka jioni atazame kitu chenye uhai, na samaki mwindaji ana tabia zake. Anakufuata kwa macho, anajua saa ya chakula, na ukichelewa anakuonyesha kwamba umechelewa.

Lakini kuna uongo mmoja unaouzwa pamoja na samaki hawa, na leo nataka tuuzike. Uongo wenyewe ni huu: "Usijali, samaki hukua kulingana na tangi lake."

Si kweli, ndugu msomaji. Samaki hukua kulingana na jamii yake. Akiwekwa kwenye tangi dogo, kinachomdumaza ni uchafu wake mwenyewe uliojaa majini, pamoja na kukosa nafasi ya kugeuka na kuogelea. Anadumaa, wakati mwingine anapinda uti wa mgongo, kisha anakufa mapema. Kusema "amekua kulingana na tangi" ni sawa na kusema mtoto aliyenyimwa chakula amekua kulingana na sahani.

Anza na samaki mzima

Ukijenga mfumo wa tarakilishi, hupimi seva kwa watumiaji watano wa siku ya kwanza. Unajiuliza mfumo utabeba nini siku ukijaa. Kwa samaki ni hivyo hivyo, ila kuna nafuu moja: hapa huna haja ya kubahatisha, kwa sababu ukubwa wa samaki mzima unajulikana kabla hujatoa pesa mfukoni.

Oscar hufikia sentimita 30 hadi 35, na akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 10. Arowana wa fedha wa Amazon hukaribia sentimita 90. Kambare wa mkia mwekundu huuzwa akiwa na urefu wa kidole, anapendeza kama mwanasesere, lakini ndani ya miaka miwili anaweza kupita nusu mita na mwishowe kuzidi mita nzima na kilo 40. Huyo hafai tangi la nyumbani. Ni wa bwawa kubwa lenye maji ya joto, na mtu asiye na bwawa hana sababu ya kumnunua. Tena, kuna arowana wa Asia ambaye tangu 1975 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ukiuziwa huyo kimyakimya bila hati, jua unanunua kesi.

Kanuni yangu ni rahisi. Upana wa tangi, yaani kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma, uzidi urefu wa samaki mzima ili aweze kugeuka bila kujikunja. Urefu wa tangi uwe angalau mara nne ya urefu wake. Fanya hesabu hiyo kwa samaki unayemtamani, na nusu ya ndoto zitaisha hapo hapo. Afadhali ziishie kwenye karatasi.

Sasa tuchukue tangi la sentimita 240 kwa 75 kwa 60. Hilo likijaa hubeba lita 1,080. Linawatosha Oscar wawili au watatu kwa raha. Lakini lita 1,080 ni kilo 1,080. Vioo vya milimita 12 vinaongeza karibu kilo 170, bado meza ya vyuma, mchanga na mawe. Unazungumzia kilo 1,400 hivi zinazokalia chini ya mita mraba mbili. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kwa mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba. Kwa hiyo kama unakaa orofa ya tatu kwenye nyumba ya kupanga, usilete tangi hili kabla mhandisi wa majengo hajaitazama sakafu. Fundi wa vioo anajua vioo. Sakafu si kazi yake. Pahali salama zaidi ni orofa ya chini, juu ya zege lililolala ardhini.

Unachofuga ni maji

Watu hudhani kazi ni kufuga samaki. Kazi ni kufuga maji, samaki ni wapangaji tu. Mwindaji hula nyama, na nyama hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, halafu wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si kali sana. Bakteria hao hukaa zaidi kwenye chujio, na kwenye tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Katika muda huo walishe amonia kidogo kidogo bila samaki yeyote ndani, huku ukipima. Siku amonia na nitriti zinaposoma sifuri ndani ya saa 24 baada ya kuwalisha, na nitrati inapanda, tangi liko tayari. Mwenye haraka hatunusuriki hapa. Hakuna kitufe cha kuruka hatua hii.

Angalia pia maji unayotumia. Maji ya kisima kirefu mara nyingi huwa na pH ya juu, na pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu kali huongezeka karibu mara 10. Vipimo viwili vya amonia vinavyosoma sawa vinaweza kuwa hatari mbili tofauti kabisa. Pima pH kila unapopima amonia.

Nitrati nayo haiondoki yenyewe. Dawa yake ni kubadilisha maji. Kwa tangi letu, asilimia 40 kwa wiki ni lita 432, yaani takriban mitungi 22 ya lita 20, kila wiki, mwaka mzima, hata wiki ambayo maji ya mtaani hayaji. Kama maji yako ni ya mfereji yana klorini, na lazima uiondoe kabla hayajaingia. Kwa hiyo kabla ya tangi la samaki, nunua tangi la akiba la plastiki. Halipendezi sebuleni, na hakuna mgeni atakayelipiga picha kwa rununu, lakini ndilo litakalookoa samaki wako.

Na tafadhali usiwalishe samaki hai ili kufurahisha wageni. Samaki wa kulishia wa bei rahisi huleta vimelea na magonjwa. Chembe za chakula za samaki walao nyama, vipande vya samaki na kamba zinatosha kabisa. Samaki mkubwa hahitaji kushiba kila siku.

Stima ikipotea

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani. Wao huandika kana kwamba umeme haukatiki. Sisi tunakumbuka Agosti 25, 2023, nchi ilipoingia gizani usiku na sehemu nyingi zikakaa bila stima hadi kesho yake. Samaki wakubwa kwenye maji ya joto hutumia hewa nyingi, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Pampu ikizimika, shida huanza kwa saa chache, haingoji siku. Hata bakteria ndani ya chujio lililofungwa hukosa hewa na kuanza kufa.

Suluhisho halihitaji jenereta. Chujio na taa vinaweza kungoja kidogo, hewa haiwezi. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, inakupa wati-saa 600. Pampu ya hewa ya wati 20 itaendeshwa saa 30 kwa hesabu ya karatasi, tuseme saa 24 ukitoa upotevu. Unganisha pampu hiyo ijiwashe yenyewe stima ikipotea, maana stima hupenda kupotea ukiwa kazini au umelala. Kisha ijaribu kila mwezi kwa kuzima swichi kuu. Akiba ambayo haijajaribiwa si akiba, iwe ni ya data au ya hewa.

Kuhusu joto, Nairobi mwezi wa Julai si Mombasa. Samaki wa Amazon wanataka nyuzijoto 25 hadi 28. Kupandisha lita 1,080 kwa digrii moja hula karibu yuniti 1.3 za umeme. Ukiingiza lita 432 zenye digrii 18 na unazitaka zifike 27, hizo ni yuniti 4.5 kwa kubadilisha maji mara moja tu. Zidisha kwa bei ya tokeni zako kabla hujampenda samaki.

Najua wasomaji wa hapa mtataka kuunganisha vihisi na Arduino, na ujumbe mfupi ukufikie maji yakipoa. Fanyeni hivyo, ni kazi nzuri na ya bei nafuu. Ila msiandike programu inayoweza kuchemsha samaki :-) Badala ya kipasha joto kimoja cha wati 900, tumia vitatu vya wati 300, kila kimoja na kidhibiti chake. Kimoja kikikwama kikiwa kimewaka, kitahitaji zaidi ya saa nne kupandisha tangi zima kwa digrii moja, hata kama joto lote lingebaki ndani. Kimoja kikifa, viwili vinashikilia. Programu yako iwe ya kukuarifu na kuweka kumbukumbu. Usalama wenyewe uachie vifaa vilivyogawanywa hivi, ambavyo kuharibika kwake hakuui. Na kihisi hakibadilishi maji. Mitungi 22 bado inakusubiri Jumamosi.

"Nitamwachilia mtoni"

Nikimwambia mtu haya, hujibu kwamba samaki akizidi atanunua tangi kubwa baadaye. Watu wa programu tunaijua "baadaye" hiyo, ndiyo makao ya kazi ambazo hazifanyiki kamwe. Samaki anakua kila siku, mshahara haukui kila siku. Mwingine husema atamrudisha dukani. Duka lililouza kidagaa cha sentimita 7 halina pa kuweka jitu la sentimita 70. Linalobaki kichwani mwa mtu ni ndoo, na mto ulio karibu. Hapo ndipo jambo linaacha kuwa la sebule yako na kuwa letu sote.

Nchi hii haihitaji kufundishwa kuhusu samaki wageni. Sangara, yule tunayemwita mbuta, aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Ni mwindaji anayeweza kukaribia mita 2 na kilo 200. Ameleta viwanda na fedha za kigeni, hilo halikataliki, lakini fulu wa ziwa hilo, mamia ya jamii ambazo hazikuwepo kwingine duniani, waliliwa hadi wengi wakatoweka. Naivasha nako waliletwa kamba wa maji baridi wa Louisiana mwaka 1970, na ziwa halikurudi lilivyokuwa. Gugumaji lililoziba fuo za Kisumu asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walipenda maua yake. Nao Oscar tunaowazungumzia leo wanaishi na kuzaana katika mifereji ya kusini mwa Florida, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Mito yetu ya nyanda za chini na pwani ina joto la kuwatosha.

Mchuma janga hula na wa kwao. Anayemwaga ndoo mtoni anadhani anamhurumia samaki, kumbe anamtwisha mvuvi asiyemjua mzigo ambao hauna wa kuutua.

Msimamo wangu basi ni huu. Sisemi msifuge samaki wawindaji. Nasema msinunue samaki ambaye hamwezi kumtunza akiwa mzima kwa miaka 10, hapo mlipo, kwa maji na stima mliyo nayo. Kwa wengi wetu jibu la kweli ni Oscar wawili kwenye tangi kubwa kuliko mlivyofikiria, na kwa wengine jibu ni kungoja hadi mpate nyumba yenye uwanja. Muuzaji akikwambia samaki hukua kulingana na tangi, muulize swali moja mbele ya wateja wengine: akifika mita moja, utamnunua tena? Sikiliza jibu lake, kisha ndipo ufungue pochi au uende zako.

Waswahili walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Haya ni lita 1,080. Pima kwanza kabla hujavua.