Taa Nyekundu ya Motakaa, na Tairi Lisilo na Taa

Mkulima mmoja wa upande wa Bukura, katika Kakamega, ametuletea maswali matatu kwa pamoja, na kwa kuwa maswali hayo ni ya watu wengi, tumeona yafaa kuyajibu hapa mbele ya wote. Amenunua pikapu iliyokwisha kutumika huko Japani. Asema kwamba kila apandapo kilima akiwa na magunia ya mahindi, taa ndogo nyekundu yenye umbo la birika huwaka kwa kitambo kidogo kisha huzimika. Jirani yake amemshauri aing'oe balbu yake, kwa kuwa yasumbua macho bure na gari laenda vizuri. Swali la pili lahusu upepo wa tairi, kwamba ajaze kiasi gani. La tatu ni la trekta, nalo tutalifikia mwisho.

Kwanza twamsihi aiache balbu hiyo mahali pake, wala asisafiri tena na mzigo mpaka amekwisha kupima oili. Birika lile si birika. Ni picha ya kopo la oili. Wengi hudhani kuwa taa hiyo hupima wingi wa oili iliyomo ndani ya injini. Sivyo. Hupima nguvu ya oili, yaani jinsi pampu inavyoisukuma ipite katika mishipa myembamba ya injini na kufika kwenye vyuma vinavyozunguka. Swichi yake imewekwa iwashe taa wakati nguvu hiyo imeshuka mno, karibu na kwisha. Kwa hiyo taa hii haimwambii mtu kuwa hatari yaja, bali kuwa imekwisha kufika. Gari likiwa na oili kidogo, likipanda kilima oili hukimbilia nyuma, pampu ikafyonza hewa badala ya oili, na taa ikawaka. Likifika tambarare oili hurudi, na taa ikazimika. Hiyo ndiyo habari ambayo ndugu yetu amekuwa akiletewa kila siku, na jirani yake angependa kumfunga mjumbe mdomo.

Dawa yake mara nyingi ni rahisi. Asubuhi, gari likiwa limesimama mahali pa sawa na injini imepoa, avute kijiti cha kupimia, akipanguse kwa kitambaa safi, akirudishe mpaka mwisho, kisha akivute tena na kusoma. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, aongeze kidogo kidogo huku akipima, wala asiipitishe alama ya juu. Ikiwa oili imetosha na taa yaendelea kuwaka, basi ni kazi ya fundi: pampu, au chujio lililoziba, au vyuma vilivyolika, au pengine swichi yenyewe imekufa. Fundi mwema ataifungua swichi hiyo na kufunga kipimo chenye mshale mahali pake, aone kwa macho nguvu ya oili ni kiasi gani kabla hajanena neno. Lakini taa hiyo ikiwaka na kukaa, wakati injini inanguruma, simama pembeni mwa njia uzime injini mara hiyo. Usiseme, "Nitafika sokoni kwanza." Chuma kikisuguana na chuma bila oili, dakika chache zatosha kuiharibu injini ambayo mtu ameilipia kwa mavuno ya miaka kadhaa.

Tukiisha kusema hayo, yafaa kujua kanuni ya rangi, kwa maana ni moja katika magari karibu yote ya ulimwengu. Taa ya kijani au buluu hutoa habari tu, kama vile taa kubwa za mbele kuwa zimewashwa. Ya manjano yasema: pana jambo, lipeleke kwa fundi upesi, ila kwa kawaida waweza kufika nyumbani. Nyekundu yasema: simama. Anayezijua rangi hizi tatu amekwisha kuelewa nusu ya kitabu cha gari, hata kama kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kijapani.

Taa nyekundu ya kipimajoto kilichosimama juu ya mawimbi ni ya joto la injini. Hapa pana jambo ambalo watu wa nchi ya juu kama Bukura wapaswa kulijua. Pwani maji huchemka kwa digrii 100. Katika mwinuko wetu, ambao ni mita 1,400 na zaidi juu ya bahari, huchemka yapata digrii 95. Kizibo cha rejeta kimetengenezwa kubana maji yasichemke upesi, nacho kikilegea gari hupoteza msaada huo. Kwa sababu hiyo hiyo ya kubanwa, asithubutu mtu kufungua kizibo injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa hugeuka mvuke kwa mara moja na kumrukia mtu usoni. Ngoja nusu saa au zaidi, na hata hapo tumia kitambaa kinene.

Taa ya betri, iliyo kama kisanduku chenye alama za kuongeza na kutoa, watu huidharau kwa kuwa gari huendelea kwenda. Maana yake ni kwamba betri haitiwi tena umeme, na huenda mkanda umekatika. Katika magari mengine mkanda huo huo ndio uzungushao pampu ya maji, na katika muda mfupi joto nalo hupanda. Ile ya duara lenye alama ya mshangao ni ya breki. Ukiwa umekwisha kushusha breki ya mkono nayo ikakataa kuzimika, maji ya breki yamepungua, ama kwa kuvuja ama kwa kulika kwa pedi, nasi hatuna la kuongeza ila kwamba mtu asiteremke mlima na gari hilo.

Katika zile za manjano, iliyo mashuhuri ni picha ya injini. Ikiwaka imetulia, nenda polepole ukaonane na fundi mwenye chombo cha kusoma makosa. Ikipepesa, injini yakosa kuchoma petroli yake sawasawa. Ondoa mguu juu ya mafuta, usilazimishe.

Sasa twawageukia makarani, ambao wengi wao hununua gari la kwanza kwa mkopo wa chama cha akiba. Muuzaji akikuonyesha gari ambalo mbele ya dereva hapana taa hata moja iliyowaka, usifurahi kwanza. Omba ufunguo. Uzungushe mpaka kabla ya kuwasha injini, uache hapo, kisha tazama. Wakati huo taa za hatari zapaswa kuwaka: ya oili, ya betri, ya injini, na ile ya mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria wakati wa ajali. Washa injini, nazo zote zitazimika baada ya kitambo kidogo. Ikiwa mojawapo haikuwaka kabisa, basi balbu imekufa, au imeng'olewa, au imebandikwa utepe mweusi kwa nyuma. Sisi twaiogopa taa isiyowaka kamwe kuliko taa iliyowaka, kwa kuwa hii ya pili angalau yasema kweli. Kwa gari la kuwashwa kwa kitufe, bonyeza kitufe bila kukanyaga breki, nawe utaona vivyo hivyo.

Basi twaja kwenye swali la pili. Tairi la upepo ni kazi ya daktari wa mifugo, John Boyd Dunlop, Mskoti aliyefanya kazi Belfast, ambaye mwaka 1888 aliandikisha uvumbuzi wake baada ya kuifungia mipira yenye hewa baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Tangu siku hizo jambo moja halikubadilika: mzigo haubebwi na mpira bali na hewa iliyomo. Hewa ikipungua, ubavu wa tairi hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto huzidi, nyuzi za ndani huachana na mpira, na siku moja ya jua kali, gari likienda mbio na mzigo, tairi hupasuka. Abiria waliomo nyuma hawakuulizwa kama mwenye gari alipima.

Swali la "kiasi gani" halijibiwi na gazeti, wala na kijana wa pampu, wala na namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, kwa maana hiyo ni kiasi cha juu kabisa ambacho tairi laweza kustahimili. Jibu limeandikwa katika gari. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango au ukingoni mwa mlango wenyewe, utaona kikaratasi kilichobandikwa. Katika magari ya Japani hesabu huwa ya kilopaskali. 220 zake ni sawa na paundi 32 kwa inchi ya mraba, na 100 ni paundi 14 na nusu. Magari ya mizigo mara nyingi huwa na hesabu mbili, ya gari tupu na ya gari lililojaa, na tairi za nyuma hutakiwa zaidi. Anayebeba magunia leo na kesho abebe watoto wa shule yampasa azijue zote mbili.

Pima tairi zikiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari, au gari likiwa limekaa kwa saa tatu, au halijaenda zaidi ya kilomita moja au mbili. Aliyeendesha kutoka Bukura mpaka Kakamega mjini akapima hapo hapo, atasoma paundi kadhaa zaidi ya zile za kweli, na akizipunguza atakuwa amejiibia mwenyewe. Kipimo cha mkononi ni cha bei ndogo kuliko tairi; mtu awe na chake, kwa maana vile vya pampu huangushwa chini kutwa. Pima angalau mara moja kwa mwezi, pamoja na gurudumu la akiba, ambalo wengi hulikumbuka usiku kwenye mvua. Ukitaka kujua kama valvu yavuja, tia mate kwa kidole; povu likichemka, yavuja.

Twawaona utingo wengi wakipiga tairi za lori kwa chuma na kusikiliza mlio. Kwa njia hiyo utajua tairi lililokwisha kulala, lakini hutaweza kutofautisha paundi 60 na 90. Wala jicho halitoshi, maana tairi za siku hizi huvimba kidogo chini hata zikiwa sawa. Kwenye magurudumu ya nyuma yaliyopangwa mawili mawili, tairi lililokosa upepo hubebwa na mwenzake, likajificha hapo likipata moto mpaka lishike.

Huenda msomaji akasema kwamba magari mapya yanayo taa ya tairi, ile ya manjano iliyo kama kwato lenye alama ya mshangao. Kweli. Taa hiyo ililetwa na msiba. Mwaka 2000 huko Marekani kampuni ya Firestone iliita tairi zake kama milioni 6.5 zirudishwe, baada ya ajali nyingi za vifo ambamo tairi ziliachana nyuzi. Upepo mdogo pamoja na joto ulitajwa miongoni mwa mambo yaliyozidisha hatari. Bunge lao likatunga sheria mwaka huo huo, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya lauzwa huko likiwa na taa hiyo. Lakini fanya hesabu. Sheria yadai taa iwake upepo ukiwa umepungua kwa asilimia 25. Tairi la paundi 32 laweza kushuka mpaka 25 na taa ikanyamaza kimya. Tena magari mengi yaliyotumika ya Japani hayana taa hiyo kabisa, kwa hiyo huko ni wewe na kipimo chako.

Swali la tatu. Ndugu yetu auliza kwa nini trekta lake, alijazalo upepo mwingi ili livute trela la miwa njiani, laacha shamba gumu kama sakafu. Bukura ni mahali palipojulikana kwa mafunzo ya ukulima tangu miaka ya 1920, na twadhani walimu wa chuo kilichopo hapo wangemjibu vivyo hivyo: upepo mwingi hulifanya tairi kuwa jembamba kwenye udongo, uzito wote ukakaa mahali padogo, na udongo ule wa mvua nyingi ukashindiliwa hata mizizi isipite. Shambani tairi kubwa za nyuma hutaka upepo mdogo, mara nyingi kati ya paundi 12 na 20 kwa kufuata kitabu cha trekta, ili zilale na kushika. Barabarani na trela upepo huo hautoshi, nazo hupata joto. Hapana njia ya mkato. Anayefanya kazi zote mbili hana budi kubadili upepo kati ya shamba na njia. Na kama tairi zimetiwa maji ili ziwe nzito, aisimamishe valvu juu kabisa kabla ya kupima, asije akayapima maji. Huko Ulaya huchanganya maji hayo na chumvi ya kalsiamu yasigande kwa baridi, nayo hula vyuma. Kwetu maji matupu yatosha.