Uso Si Cheti

Hakuna amtazamaye mgeni bila kumpangia mahali moyoni mwake. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, walionyesha kwamba sehemu ya kumi ya sekunde yatosha mtu kuamua kama sura asiyoijua ni ya kuaminika. Walipopewa muda zaidi, watazamaji hawakubadili sana rai yao. Walizidi tu kuwa na hakika nayo. Hakika hiyo ndiyo ya kuogopwa.

Twawatazama jirani zetu wa Rwanda. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliagiza kila mtu aandikwe katika cheti chake kuwa ni Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, cheti cha Mtutsi kilikuwa hukumu ya kifo. Asiyekuwa na cheti alihukumiwa kwa kimo na pua yake, na kwa njia hiyo waliuawa hata Wahutu waliofanana na picha iliyokuwamo vichwani mwa wauaji. Kama sura zingesema kweli, vyeti vilitakiwa vya nini?

Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta nchini Burundi, wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu kando na Watutsi kando. Yaani hata wao hawakuweza kuwatambua kwa macho. Vijana walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa.

Kwetu vizuizi ni vya namna nyingine: chumba cha kupanga ambacho ghafla “kimeshapata mtu”, benchi la mbele kanisani, kamati ya misaada. (Waraka wa Yakobo, unapokemea upendeleo, hutumia neno la Kigiriki ambalo maana yake hasa ni “kupokea uso”.) Jicho halizuiliki kutazama, lakini uamuzi waweza kucheleweshwa. Kwa hiyo viongozi wa jumuiya waandike masharti ya msaada kabla ya kuwaona waombaji. Anayekataliwa aandikiwe sababu. Na ikiwa sababu yenyewe ni kwamba mjumbe “hakumwamini tu”, ombi hilo lisikilizwe upya na wajumbe wengine.