Pasaka Yetu Haina Majira ya Kuchipua

Kila Pasaka inapokaribia, wanafunzi wenzetu wa Kiswahili huandika insha zilizojaa majira ya kuchipua, maua yanayofunguka baada ya baridi kali na mayai ya chokoleti. Najiuliza: ni Kitale ipi hiyo? Mji ulio digrii moja hivi kaskazini mwa ikweta hauna theluji ya kuyeyuka. Kwa kalenda yetu, Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, wakati ambapo Trans Nzoia hupokea mvua za masika na kupanda mahindi. Anayerudi nyumbani Ijumaa Kuu hukabidhiwa jembe kabla hata ya chai. Jumamosi ni mbegu, mbolea, na matope hadi magotini. Huko Bungoma, utamu wa watoto ni mua unaomenywa kwa meno (peremende zikipatikana, heri), naye mgeni huchinjiwa kuku.

Silikatai neno kuchipua. Mfasiri wa riwaya za Ulaya analihitaji. Ila aliyepanda mahindi asubuhi, kisha jioni akasimulia theluji, amelinyima shamba la mamaye msamiati. Rasharasha, manyunyu, matuta, palizi: wahadhiri wanaosahihisha insha hizo na wayadai.