Masega ya Gari Yasihukumiwe Bila ya Shahidi

Umezuka mtindo katika visiwa vyetu ambao hatuna budi kuukemea. Mwananchi hupeleka gari lake gereji kwa kuwa limepungua nguvu, au taa ya injini imewaka. Fundi, kabla ya kupima chochote, humwambia kwamba masega yameziba na kwamba dawa yake ni kuyang'oa. Bomba la moshi hukatwa, pahali pa masega huchomelewa bomba tupu, na mwenye gari hulipa na kushukuru. Masega yenyewe hubaki gerejini, na baadaye huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Yafaa kwanza tufahamishane masega ni kitu gani. Ndani ya bomba la moshi la gari la petroli mna kopo la chuma, na ndani ya kopo mna kauri yenye vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki. Kauri hiyo imepakwa madini ya thamani, nayo ni platinamu, paladiamu na rodiamu. Chombo hiki kilianza kuwekwa kwa wingi katika magari ya Marekani ya mwaka 1975. Kazi yake ni kuigeuza hewa ya sumu itokayo katika injini, ikiwemo kaboni monoksidi ambayo huua wala haina harufu, kabla haijamfikia mpita njia. Basi mwenye gari aliyeacha masega yake gerejini ameacha mali, na mtoto wa skuli anayengoja kuvuka barabara ya Michenzani ameongezewa sumu.

Hatusemi kwamba masega hayaharibiki. Tunasema kwamba mara nyingi hayafi kwa maradhi yake yenyewe, bali huuawa na maradhi ya injini. Injini yenye misi, yaani ambayo silinda yake moja haichomi petroli ipasavyo kwa ubovu wa plagi au koili, hutupa petroli mbichi katika masega. Petroli hiyo huungulia humo, joto likaweza kupita digrii 1,000 za Selsiasi, kauri ikayeyuka na kuziba njia. Injini inayokula oili huyafunika madini kwa masizi na fosforasi. Gasketi iliyoungua hupitisha maji ya rejeta. Zamani tungeweza kuilaumu petroli yenye risasi, lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza tangu mwanzoni mwa mwaka 2006. Udhuru huo hatunao tena.

Kwa hiyo anayeng'oa masega na kuiacha plagi mbovu hakutibu kitu. Tunalijua gari moja la abiria kisiwani Pemba lililong'olewa masega kwa sababu halipandi vilima. Lilirudi barabarani na kelele mpya, na vilima yakawa ni yale yale. Hatimaye ilionekana kwamba koili moja ilikuwa imekufa.

Kadhi hahukumu kabla ya kusikiliza mashahidi, na fundi naye asihukumu kabla ya kupima. Shahidi wa kwanza ni kompyuta ya kusomea makosa. Namba P0420 husema kwamba masega hayafanyi kazi ipasavyo, lakini ikifuatana na namba za misi, kama P0300, misi ndiyo ya kutibiwa kwanza. Shahidi wa pili ni sensa mbili za oksijeni: ya mbele ya masega hupanda na kushuka upesi, na ya nyuma yapasa itulie. Ikiwa ya nyuma nayo inacheza kama ya mbele, na bomba halivuji, na sensa zenyewe ni nzima, hapo masega yamechoka. Shahidi wa tatu ni wa kuziba: ifunguliwe sensa ya mbele, ifungwe geji ya presha katika tundu lake. Kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, presha ikipita pauni 3 kwa inchi ya mraba, njia ya moshi imezibwa mahali. Na kopo likigongwa taratibu kwa nyundo ya mpira, likiwa limepoa, na likalia manyanga, kauri imevunjika.

Yakithibitika kufa, yatiwe mengine yanayolingana na injini hiyo, baada ya kuondoa kilichoyaua ya kwanza. La sivyo na mapya yatafuata njia ile ile. Kauri iliyoyeyuka haifufuliwi kwa dawa ya kumimina katika tangi. Na wale wanaoidanganya sensa ili taa izimike, tunawakumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo huonya kuwa masega yanaungua wakati huo huo. Dereva apunguze mwendo, asilikamue gari, na aende kwa fundi mapema.

Kwa viongozi tuna mambo matatu. Magari ya umma yawe mfano: masega yasing'olewe bila ya taarifa ya vipimo iliyotiwa saini, na yakitolewa yarudi ghalani kama mali nyingine ya Serikali. Ukaguzi wa magari usitosheke na breki na taa, bali upime na moshi. Na mnunuzi wa masega aandike amenunua kwa nani na yametoka katika gari gani.

Ama mwananchi mwenye gari, haki yake ni nyepesi kuidai. Amwambie fundi: nionyeshe kipimo kwanza. Na likiwa hapana budi kukatwa, kilichokatwa ni chake, aondoke nacho.