Nyumba ya Kuku Kwanza, Ua Baadaye



Swali moja huletwa mara nyingi mezani petu katika afisi ya kilimo: "Nizungushe ua wa namna gani ili wanyama wasinimalizie kuku?" Mmoja ataka wavu wa waya, wa pili ataka seng'enge ya umeme wa jua, wa tatu asema miiba yatosha. Mimi ni karani tu, si daktari wa mifugo, lakini naona swali hilo limeanzia mkiani. Kabla ya kufikiri habari ya ua, jenga nyumba imara ya kuku kulala. Nitakueleza sababu zangu.

Kwanza tuhesabu. Robo ya ekari iliyo mraba ina futi 104 kila upande, na kuizunguka ni futi 416. Roli moja la wavu la mita 30 ni kama futi 98. Basi utanunua roli nne na bado utapungukiwa, nawe hujanunua nguzo wala misumari. Sasa tazama upande wa pili. Nyumba ya futi 8 kwa 5 yatosha kulaza kuku 20 wa kienyeji, kila mmoja akipata futi 2 za mraba, na kuizunguka ni futi 26 tu. Mwenye pesa kidogo akizitandaza katika futi 416 atapata ua dhaifu kila mahali. Akizikusanya katika futi 26 atapata ngome.

Pili, mjue adui. Mashamba mengi ya skimu zetu, tangu Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962, yalikatwa kutoka mashamba makubwa, na mengine yapakana na msitu, korongo au bwawa. Seng'enge ya nyuzi nne inayozuia ng'ombe haimzuii nguchiro hata kidogo. Basi soma alama kabla ya kununua kitu. Kifaranga akitoweka mchana peupe bila hata unyoya kubaki, mshuku mwewe. Ukikuta mbao zimeng'olewa na kuku wengi wamelala wamekufa bila kuliwa, huyo huenda ni nyegere. Vifaranga wakipungua mmoja mmoja usiku, tafuta tundu la panya. Mayai yakiisha bila hata ganda, fikiria nyoka. Kuku wanaolala mtini huchukuliwa na paka wa mwitu na kanu, ambao hupanda miti vizuri, na kuku gizani haoni vyema hata akimbie.

Wengi wa adui hao huja usiku, ndiyo maana nasema nyumba kwanza. Iinue futi 3 kutoka ardhini juu ya nguzo. Kila nguzo ivike mkanda wa bati laini wa upana wa futi moja, panya wasipate pa kushika. Ngazi ya kuku iondolewe kila jioni. Madirisha yawe ya wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, kama ule wa kuanikia kahawa. Wavu mwembamba wa kuku humzuia kuku asitoke, lakini nyegere huupasua. Mlango uwe na komeo, na kufuli pia, kwa ajili ya mwizi wa miguu miwili. Majivu yakimwagwa kuzunguka nguzo husaidia kuzuia siafu, ila yakilowa mvua uweke mengine.

Kama nyumba yako imekaa chini, tandaza wavu mgumu ardhini kuizunguka, upana wa futi moja na nusu kwenda nje, kisha uufunike kwa udongo na mawe. Mnyama huchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta waya, hajui kurudi nyuma achimbe mbali zaidi.

Nyumba ikiisha, ndipo uje kwenye ua wa mchana, nao uwe mdogo. Kiwanja cha futi 20 kwa 10 kando ya nyumba, wavu wa futi 6 kwenda juu, chatosha kuwalinda kuku wako unapokwenda shamba. Juu yake pandisha mkarakara: utakula matunda, na mwewe hataona pa kushukia. Mama mwenye vifaranga akae chini ya tenga mpaka watoto wake wapate nguvu. Mpakani otesha kaiyaba au mkonge, uzibe mapengo ya chini. Ua huo hukawia kukua na hauzuii mnyama mdogo, lakini huzuia mbwa na mbweha. Seng'enge ya umeme ni nzuri kwa mwenye kuku wengi, mradi afyeke majani kila mara, maana yakigusa waya nguvu hupotea.

Kuna njia moja ninayoipinga kabisa, nayo ni kutia sumu katika nyama. Sumu haichagui. Leo huua kicheche, kesho mbwa wako, kesho kutwa mtoto wa jirani aliyeshika kilichobaki. Isitoshe, nguchiro na mwewe hula panya wanaotafuna mahindi yako ghalani, na wanyama wa mwitu wanalindwa na sheria ya mwaka 2013. Mfungie mlango, usimtegee sumu.

Sasa neno kwa mabwana. Katika nyumba nyingi kuku huhesabiwa kuwa mali ya mama. Bwana hununua nguzo za boma la ng'ombe bila ubishi, lakini akiombwa misumari ya nyumba ya kuku husema hilo ni shauri la wanawake. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu hana daftari, pesa ya kwanza hutoka wapi? Hutoka katika mayai. Na usiku nyegere aingiapo, haulizi kuku ni wa nani. Kuchimba mashimo na kupigilia mbao ni kazi ya siku mbili au tatu. Hiyo ni kazi yako, bwana.

Wazee walisema dua la kuku halimpati mwewe. Na malalamiko ya mkulima pia hayampati. Jioni ya leo, kabla ya kula, chukua taa uizunguke nyumba ya kuku wako. Kila tundu linalopitisha kidole gumba, lizibe kesho asubuhi. Ukimaliza hayo, njoo afisini tuzungumze habari ya ua.