Soda Hailipi Kodi ya Nyumba

Ndugu zangu wa kalamu, leo sikuleta shairi. Nimeleta ugomvi. Kama kuna atakayekwazika na akwazike tu, maana mimi nimekwazika miaka mingi nikakaa kimya, na kimya changu hakijaninunulia hata kilo ya unga.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtunzi wa nyimbo na mchezeshaji wa watoto. Nimepanga chumba Rwamishenye. Ukitokea Bukoba mjini unashuka kwenye kipilefti, unamwuliza mtoto yeyote, "Kwa Anko Kengele ni wapi?" Atakuleta mpaka mlangoni, na njiani atakuimbia. Ukimwuliza mtu mzima naye atakuuliza, "Yule chizi wa ngoma?" Hapo ndipo penye kisa chote.

Siyo kwamba sina kazi. Kazi ninazo mpaka zinanikaba koo. Jumatatu hadi Ijumaa nazunguka chekechea: leo Hamugembe, kesho Kashai, keshokutwa Kibeta. Jumamosi ni bethdei. Jumapili ni komunyo ya kwanza na kipaimara, na kwetu mtoto akipata kipaimara kijiji kizima kinakula. Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, natakiwa sehemu tatu kwa saa ile ile. Novemba senene wanaanguka, na mahafali ya chekechea nayo yanaanguka. Desemba wanarudi Wahaya wa Dar na watoto wao wasiojua Kihaya, wote wanataka Anko awachangamshe. Siku nyingine napanda haisi mpaka Muleba, ngoma mapajani, mdoli kwenye mfuko wa rambo, na konda ananidai nauli ya ngoma. Na kila sherehe inataka wimbo wake, wenye jina la mtoto ndani yake. Nautunga usiku kwa tochi ya simu, kwenye daftari la shule.

Sasa sikilizeni malipo. Sherehe imekwisha. Mpishi kapewa bahasha. Mwenye maturubai kapewa bahasha. Mpiga picha kalipwa nusu kabla hajatoa kamera. MC, aliyeongea saa nzima juu ya nguo yake mwenyewe, kalipwa yote. Nafika mimi, jasho linanitoka, sauti imekauka, mwenye sherehe ananishika bega: "Anko, umetufurahisha kweli. Mungu atakulipa. Mpeni soda." Nikikohoa kidogo kuonyesha kwamba tuliahidiana, anashangaa: "Kumbe na wewe unadai? Si ulikuwa unacheza tu na watoto?"

Jumatatu nakutana na mama mwenye nyumba uani.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na kodi au umekuja na wimbo?"

Na yeye ndiye mshabiki wangu mkubwa! Wajukuu zake wanalala kwa nyimbo zangu. Lakini soda hailipi kodi ya nyumba, na yeye analijua hilo kuliko wale wenye sherehe.

Hela inauma, ila siyo inayouma zaidi. Inayouma zaidi mnayo ninyi, washikaji zangu mnaosoma gazeti hili. Mwaka mmoja nilihudhuria kikao cha waandishi chipukizi. Zamu yangu ilipofika nikasoma nyimbo tatu. Mmoja wetu, kijana ninayemheshimu, akasema, "Hizo za chekechea tumezisikia. Sasa lete kazi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane mshamba. Nikarudi Rwamishenye kwa miguu bila kujua nilichokuwa nikicheka.

Ningekuwa na akili ya leo ningewajibu hivi.

Mnasema wimbo wa mtoto ni rahisi. Haya, tungeni! Msomaji mzima ukimchosha atavumilia kwa adabu, atafunga kitabu na kukuambia umejitahidi. Mtoto wa miaka minne hana adabu hiyo. Mstari ukizidi mizani moja, watoto arobaini wanajikwaa pale pale kwa pamoja, na wewe umesimama mbele yao na ngoma yako. Neno gumu hawalitafuti kwenye kamusi; wanalitupa na kutia lao. Tena mimi natungia Bukoba, ambako ulimi wetu wa Kihaya unachanganya r na l. Nikitia neno "kula" kwenye wimbo, nusu ya darasa itaimba "kura", na wimbo wa uji utakuwa wa uchaguzi. Basi nachagua maneno ambayo r na l zikibadilishana maana haianguki. Ninyi mnaoandika mashairi huru, lini mlipima neno kwa ulimi wa msomaji wenu?

Mnasema mimi ni mchekeshaji tu, siyo mwandishi. Hapo ndugu zangu mmejitukana wenyewe. Wazee wetu wa nanga hawakuwa na vitabu. Walikuwa na nyuzi, sauti na kichwa. Mtoto huyu huyu wa Kagera, Mugyabuso Mulokozi, alizichukua tendi hizo za nanga akaziandikia shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Aliyepiga nanga kwenye sherehe, watu wakinywa rubisi, ndiye aliyekuja kusomwa na maprofesa. Na yule tunayemwita baba wa fasihi yetu, Shaaban Robert, alipotaka kuandika maisha ya mtu, hakumchagua gavana wala tajiri. Alimchagua Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyetembeza vyungu kabla sauti yake haijafika kwenye santuri mwaka 1928. Leo mnamnukuu Shaaban kila kikao, halafu mtunzi wa nyimbo akikaa karibu yenu mnavuta viti!

Mnasema watoto hawana uzito. Wimbo wa mtoto haubebi kitu. Hebu subirini.

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ya Bukoba ilitikisika. Watu 17 walikufa. Nyumba zilianguka, na nyingine zikabaki zimesimama na nyufa ambazo mkono unaingia. Ihungo na Nyakato, sekondari ambazo wazazi wetu walizitaja kwa fahari, zikaharibika vibaya. Usiku ule na siku kadhaa baada yake watu walilala nje, migombani. Ikafika siku ya kurudi ndani, kwa wale ambao ndani yao ilikuwa bado ipo. Wakubwa walirudi. Watoto walikataa. Jirani yangu alikuwa na binti wa miaka mitano. Kila akibebwa kufika kizingitini analia mpaka anatapika. Mama yake akanifuata usiku. Hakumfuata MC, hakumfuata mshairi wa migomba na machweo. "Anko," alisema, "huyu mtoto anakusikiliza. Nisaidie."

Nikakaa chini nje ya mlango ule na ngoma yangu, nikatunga pale pale:

Moja, nagusa mlango,
mbili, hauning'ati...

Ukaendelea mpaka kumi, na kumi ilikuwa kitandani. Siku ya kwanza tuliishia mbili. Siku ya pili tuliishia tano. Watoto wa uani wakaongezeka, wakaimba "mrango", wimbo haukuanguka. Siku ya nne binti yule alifika kumi, akalala. Sikupewa hata soda siku ile, na sikutaka. Nawaambieni haya ili mjue kwamba najua tofauti ya msaada na kazi. Wenye sherehe ndio wasioijua.

Basi mwaka 2018 niko kwenye mahafali huko Muleba, siitaji shule. Watoto wanapanda jukwaani na joho zao za karatasi, wanaanza: Moja, nagusa mlango. Nywele zilinisimama. Wimbo ulikuwa umetembea wenyewe bila nauli. Nikaenda kwa mwalimu wao nikamwuliza, "Dada, huu wimbo katunga nani?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Huu ni wa asili, kaka. Ni wa zamani." Wa zamani! Una miaka miwili, na mtunzi wake nimesimama pale nina meno yote! Nikajaribu kuuimba pamoja nao, mtoto mmoja akanivuta suruali: "Anko, umekosea. Siyo hivyo." Walikuwa wameshabadilisha mstari wa saba. Na haki ya Mungu, wa kwao ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mtoto kubadilisha mstari hakunisumbui. Ndivyo wimbo unavyoishi. Ugomvi wangu ni na neno hilo "wa asili". Ni neno zuri tunalolitumia kufukia watu wazima wazima. Zile nyimbo mlizoimba chekechea, nani alizitunga? Hamjui. Mnadhani ziliota kama magugu? Kuna mwalimu fulani, mahali fulani, aliyekaa usiku na daftari kama mimi.

Angalieni jinsi jina linavyofanya kazi. Mwaka 2001 Saida Karoli, dada yetu wa Bukoba, alitoka na Chambua Kama Karanga. Nchi nzima ilicheza Kihaya bila kukielewa. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufufua wimbo ule wakauita Salome, na vijana wasiokuwa wamezaliwa wakati wa Saida wakauliza: huyu wa kwanza alikuwa nani? Waliweza kuuliza, na wakajibiwa, kwa sababu jina lilikuwa kwenye ganda la kaseti. Wangu hauna ganda.

Au chukueni ule wimbo wa bethdei wa Kiingereza, ambao naupiga kila Jumamosi mpaka nimeuchukia. Tuni yake ilitoka kitabuni mwaka 1893 huko Marekani, kazi ya ndugu wawili, Mildred na Patty Hill. Patty alikuwa mwalimu wa chekechea. Mwalimu wa chekechea, jamani! Dunia nzima inauimba, na wangapi mnayajua majina hayo? Lakini kampuni ya Warner/Chappell iliendelea kutoza watu fedha kwa wimbo ule hadi mwaka 2015, jaji alipoamua kwamba haikuwa na haki hiyo, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 14 kumaliza kesi. Kumbe wimbo wa chekechea una hela! Wanaosema hauna ni wale wanaotaka kuupata bure.

Na hapa kwetu, hamkuona Ubongo Kids? Tangu mwaka 2014 wanafundisha hesabu kwa katuni na nyimbo kutoka Dar es Salaam. Ile ni kazi ya watu wazima wanaolipwa kukaa na kuumiza kichwa. Kabla yao Debora Mwenda aliwakalisha watoto kimya nchi nzima na Mama na Mwana ya Radio Tanzania. Aliyekuwa mtoto wakati ule mpaka leo ukimtajia anatabasamu.

Sasa kabla hamjaninyooshea kidole, nakinyoosha mwenyewe. Wimbo wangu unaopendwa kuliko yote, ule wa kumbembeleza mdoli alale, tuni yake siyo yangu. Ni ya bibi yangu mzaa mama, aliyenibebea mgongoni akipepeta maharage. Miaka yote nimeupiga nikijitia mtunzi. Nilipomlalamikia yule mwalimu wa Muleba moyoni, njiani ndani ya haisi nikamkumbuka bibi, nikaona aibu. Naye nilikuwa nimemfanya "wa asili". Tangu siku ile, kila nikianza wimbo ule natamka jina lake kwanza, na watoto wanaliitikia. Haligharimu kitu. Sekunde tatu tu.

Kwa hiyo hoja zangu ni hizi. Ninyi wenye sherehe: bahasha ya Anko iwe kwenye bajeti pamoja na ya mpishi, na nusu itangulie. Ninyi walimu: chini ya wimbo ubaoni andikeni nani katunga, na kama humjui uliza kabla hujasema ni wa asili. Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999 inaulinda wimbo kama inavyolinda riwaya, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haikusema "isipokuwa wa chekechea". Na ninyi washikaji zangu wa kalamu: kabla ya kunicheka tena, tungeni mistari minane ya kumtoa mtoto mmoja hofu. Mkishindwa, vuteni kiti, nikae.

Wiki hii bado sijalipa kodi. Jumamosi nina bethdei mbili na Jumapili kipaimara. Nimeshawaambia wote: nusu kwanza. Mmoja kanikatia simu. Wa pili kasema atafikiria. Wa tatu, mama mmoja muuza dagaa hapa Rwamishenye, kaja mwenyewe na elfu kumi kaikunja kwenye khanga, akaniambia, "Nyingine baada ya sherehe, Anko. Na jina lako kamili ni nani? Nataka MC alitaje."

Nilichukua muda kumjibu. Nilikuwa sijaulizwa siku nyingi.